Komando, Mteule na Mpiga Mbizi

Tukisema komando, karibu sote twaona picha moja: mtu wa misuli akivunja matofali uwanjani siku ya sherehe za Uhuru. Hata hapa Nangurukuru, kwenye njia panda ya Kilwa Masoko, mbeba mizigo mwenye nguvu huweza kuitwa komando kwa kusifiwa. Neno limekuwa la misuli na la kutazamwa. Kazi yenyewe ni ya watu wachache, ya kimya, ya kufanyika nyuma ya adui pasipo shahidi. Jina na kazi vimeachana.

Asili ya neno inatuhusu watu wa pwani hii kuliko tunavyodhani. Ni la Kireno, comando, lenye maana ya amri. Wareno hao ndio walioiteka Kilwa Kisiwani mwaka 1505 chini ya Francisco de Almeida, wakajenga ngome, na lugha yao ikatuachia gereza, ambalo kwao, igreja, lilikuwa kanisa. Komando halikushuka nao. Lilishikwa kwanza na Makaburu wa Afrika Kusini, wakaliita hivyo kundi la raia wapanda farasi walioitwa vitani. Waingereza walipopigana nao kati ya 1899 na 1902 wakaonja makali ya makundi hayo, na mwaka 1940 wakawapa jina hilo askari wao wa mashambulizi ya ghafla. Lilipotufikia lilikuwa limeshageuka: kundi limekuwa mtu mmoja. Nalipenda kwa safari yake, wala sitaki lifukuzwe. Ila kwa maana ya shina lake, jamaa yake wa karibu katika Kiswahili ni amiri, na amiri tunaye tayari.

Wengine, badala ya komando, husema kikosi maalumu. Lakini maalumu ni neno lililochoka. Kuna shule maalumu, viti maalumu, mahitaji maalumu. Zanzibar wana Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo, nacho angalau kimeitaja kazi yake. Ukisema kikosi maalumu ukanyamaza, msikilizaji anabaki akingoja: maalumu kwa lipi?

Mimi napendekeza kikosi kiteule. Watakuwapo wa kusema kwamba mteule ni wa Rais. Ndiyo, lakini kuteua kuna jicho ndani yake. Ni kuchagua baada ya kupima, na ndivyo askari hawa wanavyopatikana. Upimaji wenyewe wengine huuita usaili. Usaili ni wa maswali, na hapa anayeulizwa ni mwili na moyo. Neno lake ni mchujo, na kila aliyewahi kukamulia nazi kwenye kifumbu anajua kwamba tui hupita na machicha hubaki.

Ukakamavu, sifa inayotajwa katika kila kambi, naukubali kwa kuruta anayejifunza kwata. Kukakamaa ni kukaza mwili, na mwili uliokazwa hauwezi kulala kichakani mchana kutwa bila kuonekana. Wateule wanahitaji ustahimilivu. Neno hili lina shina moja na himili na hamali, kwa hiyo mbeba mizigo wa njia panda, ambaye hana haki ya kuitwa komando, ana haki kamili ya kuitwa mstahimilivu.

Tuje kwenye vitenzi, maana hapo Kiswahili kina utajiri na sisi tunautupa. Habari ikisema makomando wamevamia, imewaweka sawa na majambazi, ambao nao huvamia maduka. Kuvizia ni kukaa ukimngoja adui aje. Kunyatia ni kumwendea wewe, hatua kwa hatua, bila kukanyaga jani kavu. Kushtukiza ni kumtokea asipokutarajia. Waisraeli walioshuka Entebbe usiku, Julai 1976, hawakuvizia: walishtukiza, wakakomboa mateka. Mwandishi anayechanganya vitenzi hivi vitatu ameshaipotosha habari kabla hajafika kwenye idadi ya waliokufa.

Askari wa chini ya maji tumwite nani? Mzamiaji amechafuka; mtaani ni yule aliyejificha melini kwenda ughaibuni. Lakini wavuvi wa Songo Songo na Kilwa hawakuhitaji kamati: anayeshuka kutafuta majongoo bahari ni mpiga mbizi. Mbizi ina pumzi iliyozuiwa, ina kuibuka mahali pengine. Jeshi lichukue neno hilo kama lilivyo.

Limebaki moja, la milimani kwetu. Mwaka 1905, kabla vita vya Majimaji havijaanzia Nandete, Wamatumbi walikwenda Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale kuchukua dawa, na huko wakacheza likinda, ngoma iliyokuwa mazoezi ya vita. Mtawala Mjerumani angeona watu wanacheza tu. Mafunzo ya kivita yanayofichwa mbele ya macho ya adui: sijui neno jingine linalobeba maana hiyo, na mafunzo ya wateule ndiyo yanayolihitaji. Liingie kamusini na li- yake ya Kimatumbi. Ukiivua, unabaki na kinda, mtoto wa ndege, au mchezaji chipukizi wa kandanda. Wingi wake ndio ninaotaka tuujadili, mlinzi mwenzangu wa lugha, kwa sababu ukifuata ngeli utapata makinda, na vifaranga watakuwa wamerudi.