Kibarua wa Caheragh

Ukifika Skibbereen kwa basi kutoka jiji la Cork, mwendo wa kama kilomita 80 kuelekea kusini-magharibi, kinachokupokea kwanza ni rangi. Duka la njano limebanana na baa nyekundu, na baa imebanana na kinyozi wa bluu. Treni haifiki tena, reli ilifungwa mwaka 1961. Mto Ilen unapita kando ya mji polepole, na ndio uliowapa sifa ndugu wawili, Paul na Gary O'Donovan, waliojifunza kupiga makasia hapa hadi wakailetea Ayalandi medali yake ya kwanza ya mchezo huo katika Olimpiki, Rio 2016. Ni mji unaouzunguka kwa miguu ukamaliza kabla chai yako ya asubuhi haijakuisha tumboni.

Mimi sikwenda kwa ajili ya makasia. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na kwa yeyote anayesoma historia ya njaa, Skibbereen ni jina linalojirudia kila kitabu anachofungua. Ayalandi nzima iliteseka kati ya 1845 na 1852. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja walipanda meli wakaondoka. Lakini mji huu ndio uliogeuka kuwa mfano. Nilitaka kujua kwa nini.

Chanzo cha maafa kilikuwa ugonjwa wa viazi, ule ule ambao mabwana shamba wetu huuita bakajani na wakulima wa Njombe na Mbeya huuita ukungu tu. Viazi hivi tunaviita viazi ulaya, au viazi mviringo, na ukimsikia mtu wetu akivitaja kwa Kiingereza atavipa uraia wa Ayalandi kabisa, ingawa asili yake ni milima ya Andes. Kabla ya njaa, watu kama milioni tatu nchini humo waliishi kwa viazi karibu peke yake. Ardhi ilikuwa ya mabwana wachache. Mkulima alipanda ngano au kufuga nguruwe ili alipe kodi ya shamba, na kiazi ndicho alichokula yeye na wanawe. Mwaka 1845 sehemu ya mavuno ilioza. Mwaka 1846 karibu yote.

Hapo ndipo siasa inapoingia. Serikali ya Uingereza, iliyoitawala Ayalandi wakati huo, iliamini soko lisiguswe. Charles Trevelyan, mtendaji mkuu wa Hazina kule London, alishikilia kwamba kugawa chakula bure kungewalemaza watu na kuwaharibia wafanyabiashara. Basi mwenye njaa afanye kazi, alipwe, akanunue. Desemba 1846 afisa mmoja wa serikali aliripoti kwamba sokoni Skibbereen, siku ya Jumamosi, kulikuwa na nyama, mikate na samaki kwa wingi. Chakula kilikuwepo. Fedha ndiyo haikuwepo mikononi mwa waliokihitaji.

Makaburi ya Abbeystrewry yako nje kidogo ya mji, kandokando ya barabara kuu, na mto uko chini yake. Nilikuwa nimesoma takwimu: inakadiriwa miili 8,000 hadi 10,000 imezikwa pale katika mashimo ya pamoja. Nilitegemea kitu kikubwa. Kilichopo ni kipande cha majani yaliyofyekwa vizuri, kisichotosha hata uwanja wa mpira, na kuta zenye maandishi. Wakati wa njaa miili ililetwa katika majeneza yenye sakafu ya bawaba: unalifikisha jeneza juu ya shimo, unafungua chini, maiti anadondoka, jeneza linarudi mjini kumchukua mwingine. Wenyeji husimulia pia habari za mtoto mdogo, Tom Guerin, aliyetupwa shimoni akiwa hai. Sepeto la mchimba kaburi lilimvunja miguu, akatoa sauti, akatolewa. Alikuwa mtu mzima kabla hajafa mara ya pili, na alitembea kwa kuchechemea maisha yake yote.

Nilisimama pale muda mrefu kidogo. Mama mmoja mzee aliyekuwa akitembeza mbwa wake alinisalimia, akaniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Tanzania, alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli kabisa, akaniuliza kama huko kwetu chakula kinatosha sasa hivi. Nikamjibu kinatosha, ahsante mama. Akaonekana kufarijika. Nilicheka njia nzima ya kurudi mjini, lakini swali lake halikunitoka, kwa sababu nilikuwa nalijua lilikotoka. Ayalandi ina mashirika ya misaada yaliyozaliwa moja kwa moja katika kumbukumbu hii ya njaa. Concern lilianzishwa mwaka 1968 kwa ajili ya Biafra. Kizazi cha yule mama kimekua kikiona sura ya mtoto wa Kiafrika mwenye macho makubwa kwenye kijisanduku cha Kwaresima.

Sasa, tabia ya kuchora wenye njaa ili walioshiba waguswe ina historia, na sehemu ya historia hiyo iko hapa hapa. Februari 1847 gazeti la Illustrated London News lilimtuma James Mahony, mchoraji wa Cork, azunguke wilaya hii. Michoro yake ilitoka tarehe 13 na 20 ya mwezi huo. Mmoja ni wa mama wa Clonakilty aliyebeba maiti ya mwanawe mkononi, akiomba fedha za kununulia jeneza. Mwingine ni wa mvulana na msichana wa Caheragh, nywele zimesimama, wanachokora udongo wakitafuta viazi. Mwezi mmoja na nusu kabla yake, mkesha wa Krismasi wa 1846, The Times lilikuwa limechapisha barua ya Nicholas Cummins, hakimu wa Cork, kuhusu aliyoyaona vijiji vya jirani. Wakaja na wanafunzi wawili wa Oxford, Lord Dufferin na mwenzake Boyle. Dufferin alikuwa na miaka 20. Waliandika kijitabu juu ya safari yao, na baadaye huyo huyo Dufferin akawa Gavana Mkuu wa Kanada, kisha mtawala wa India kwa niaba ya Malkia.

Kwa hiyo jibu la swali langu ni jepesi kuliko nilivyotarajia. Skibbereen lilikuwa jina kubwa kwa sababu lilitembelewa. Schull na Ballydehob, magharibi zaidi, nazo zilikufa njaa. Na mama wa Clonakilty, pamoja na kuonwa na nusu ya Uingereza, hana jina. Watoto wa Caheragh nao hawana.

Lakini katika Caheragh hiyo hiyo, miezi minne kabla ya mchoraji kufika, kuna mtu mwenye jina. Anaitwa Denis McKennedy. Alikuwa kibarua kwenye barabara za msaada, zile ambazo serikali iliwafanyisha watu kazi ili wapate cha kununulia chakula. Tarehe 24 Oktoba 1846 alianguka kazini akafa. Tangu tarehe 10 ya mwezi huo hakuwa amelipwa. Fedha zilikuwa zimekwama kwenye makaratasi.

Kifo chake kilifanyiwa uchunguzi rasmi. Daktari Daniel Donovan wa Skibbereen na mwenzake waliupasua mwili. Tumboni hawakukuta kitu. Katika utumbo mpana walikuta vipande vya kabeji mbichi. Wazee wa baraza, watu wa pale pale, wakatoa uamuzi: amekufa kwa njaa, kutokana na uzembe mkubwa wa Bodi ya Kazi za Umma.

Niliusoma uamuzi huo mara tatu. Hausemi Mungu kapenda, wala hautaji ukungu wa viazi. Mchoro wa Mahony unamwomba mtazamaji ahurumie. Wazee wale hawakuomba kitu kwa mtu. Walitaja mdaiwa kwa jina la ofisi yake.

Nimezaliwa Dodoma. Bibi yangu mzaa mama alisikia kwa mama yake habari za Mtunya, njaa iliyoikumba Ugogo mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, baada ya jeshi la Wajerumani na kisha la Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua ilipokosekana, ghalani hapakuwa na akiba. Shuleni nilifundishwa ukame. Kuhusu ng'ombe nilimsikia bibi tu, na sijapata kusoma popote uamuzi wa baraza lililokaa juu ya mtu mmoja wa Ugogo, likampasua, likaandika nani alimwua.

Uamuzi wa Skibbereen haukumwokoa mtu. Machi 1847, watu zaidi ya 700,000 wakiwa kwenye kazi hizo nchi nzima, serikali ilianza kuzifunga, mmoja kati ya kila watano akiachishwa kwa mkupuo wa kwanza, kabla majiko ya supu hayajawa tayari kila mahali. Juni sheria mpya ikasema mwenye shamba linalozidi robo eka hana haki ya msaada. Trevelyan alipewa hadhi ya Sir mwaka 1848.

Kabla ya basi la jioni nilipita uwanja wa katikati ya mji, penye sanamu ya mwanamke iliyozinduliwa mwaka 1904, mfano wa Ayalandi yenyewe. Imewekwa kukumbuka miaka minne: 1798, 1803, 1848, 1867. Yote ni miaka ya maasi dhidi ya Uingereza. Wa mwisho ni wa Wafenia, ambao mmoja wa viongozi wao, O'Donovan Rossa, aliishi na kufanya biashara katika mji huu. Alikuwa kijana mdogo mwaka 1847, baba yake alipokufa kwa homa aliyoipata akiwa kibarua wa barabara.