MAISHA ULIYOYAKOSA: KISA CHA ABDULRAHMAN WA TIMBO



Wiki hii dada mmoja ameniandikia faragha. Ana miaka 41. Alichaguliwa kwenda kidato cha tano, lakini siku ya kuripoti shuleni ilimkuta tayari ameshaozwa. Anasema: "Ustadh, mume wangu si mbaya na watoto wangu nawapenda. Lakini kila nikipita hospitali nikawaona madaktari, moyo unaniuma kama nimefiwa. Je, huku ni kukufuru neema?"

Dada yangu, sikukujibu siku ile kwa sababu jibu la mstari mmoja lingekuwa dhulma kwako. Leo nakujibu kwa kisa, na wengine wenye donda kama lako wasome pia.

Katika nchi ya Futa Jallon, ambayo leo ni sehemu ya Guinea, palikuwa na dola ya Kiislamu ya Wafulani. Mji wake mkuu uliitwa Timbo. Mtawala wake, Almami Ibrahima Sori, alikuwa na mtoto aliyeitwa Abdulrahman. Kijana huyu alisoma Qur'ani na elimu za dini, akapelekwa kusoma hadi Timbuktu, kisha akarudi kuwa kamanda wa jeshi la baba yake. Alikuwa na mke na mtoto wa kiume. Maisha yake yalikuwa yamepangika.

Mwaka 1788, akiwa na umri wa miaka 26 hivi, alivamiwa njiani akitoka vitani. Akauzwa kwa wafanyabiashara, nao wakamuuza kwenye meli ya Waingereza, kwa bei ya baruti, bunduki, tumbaku na pombe. Subhanallah! Mwenye kusoma Suratu Yusuf atakumbuka mtoto wa Nabii aliyeuzwa kwa dirham chache za kuhesabika.

Akavushwa bahari mpaka Natchez, pembezoni mwa mto Mississippi, huko Marekani. Aliyemnunua ni mkulima mmoja, Thomas Foster. Abdulrahman alimweleza kwamba baba yake ni mtawala na atamkomboa kwa mali nyingi. Foster hakusadiki. Akamkata nywele zake ndefu, akampa jina la dhihaka, "Prince", yaani mwana wa mfalme, akampeleka shambani. Alijaribu kutoroka, akazunguka msituni kwa wiki kadhaa, akaona hakuna pa kwenda, akarudi mwenyewe.

Hebu tafakari usiku wa siku ile aliporudi. Huyo ni mtu anayejua fika maisha yake yako wapi. Yako Timbo. Mke wake yuko Timbo. Farasi wake, vitabu vyake, msikiti wake, vyote viko kule. Yeye yuko hapa, shambani.

Miaka ikapita. Akamuoa Isabella, naye mtumwa, wakazaa watoto tisa. Mwaka 1807, akiuza mboga sokoni, alimwona Mzungu akipita juu ya farasi, akamtambua. Alikuwa Dokta John Cox, tabibu wa meli ambaye miaka mingi nyuma alipotea Afrika akiwa mgonjwa, akapelekwa Timbo, na baba yake Abdulrahman akamtunza mpaka akapona. Cox naye akamtambua. Akamwendea Foster na fedha taslimu ili amnunue na kumwacha huru. Foster akakataa. Cox akajaribu tena na tena, mpaka akafariki mwaka 1816. Mlango ulifunguka kiasi cha kuonyesha mwanga, ukafungwa.

Mwaka 1826 Abdulrahman aliandika barua kwa Kiarabu. Mwenye gazeti mmoja wa Natchez akaipeleka kwa wakubwa, akidhani huyu ni mtu wa Morocco. Barua ikafika kwa Sultani wa Morocco, naye akaomba Muislamu huyu aachiwe. Serikali ya Rais John Quincy Adams ikaingilia kati, na mwaka 1828 Foster akakubali, kwa sharti kwamba Abdulrahman asibaki Marekani kama mtu huru, bali arudishwe Afrika.

Miaka 40! Sasa njia ya nyumbani iko wazi. Je, alikimbilia melini?

Hapana. Alisema: na mke wangu je? Watu wa Natchez wakachanga, Isabella akanunuliwa kwa dola 200. Na watoto je? Akaenda miji ya kaskazini, mzee wa miaka 60 na kitu, akisimama mbele ya watu kuomba mchango wa kuwakomboa wanawe. Miezi karibu kumi. Huko Philadelphia walimwomba awaandikie kwa Kiarabu sala mashuhuri ya Wakristo. Akachukua kalamu, akawaandikia Suratul-Fatiha. Karatasi ile ikatiwa maelezo kwamba ni sala yao!

Fedha zilifika karibu nusu tu ya zilizohitajika. Februari 1829 akapanda meli na Isabella, watoto wakabaki. Machi wakafika Monrovia, Liberia. Timbo ilikuwa bado iko mbali, bara. Tarehe 6 Julai 1829 akafariki pale pale pwani. Hakuiona Timbo. Mwaka uliofuata, fedha alizochangisha ziliwaleta watoto wake wawili na familia zao kwa mama yao. Wengine walibaki utumwani.

Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun.

Najua mlitaka kisa kiishe kwa yeye kuingia Timbo na watu wakimlaki. Sikuweza kuubadili mwisho. Na ndiyo maana nimekichagua, kwa sababu wengi wetu kisa chetu hakitaishia kama cha Nabii Yusuf na baba yake hapa duniani. Tujifunze mambo matatu.

KWANZA: Kuhuzunika si kukufuru. Nabii Ya'qub (a.s.) alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe, na alikuwa Nabii. Mtume wetu ﷺ alimlilia mwanawe Ibrahim, akabainisha kuwa jicho hutoa machozi na moyo huhuzunika, ila ulimi hausemi la kumchukiza Mola. Dada yangu, ulichokipoteza kilikuwa kitu cha kweli. Ulie. Wala asije mtu akakuziba mdomo kwa neno "qadar." Qadar tunaiamini, lakini Foster hawezi kusimama mbele ya Allah akajitetea nayo. Na mzazi aliyeikata ndoto ya binti yake bila kumsikiliza naye atafute jibu jingine. Wenye mabinti wa kidato cha nne leo, mnanisikia?

PILI: Maisha uliyoyakosa unayaona yakiwa yamefuliwa na kupigwa pasi. Timbo haikuwa pepo. Ilikuwa dola ya vita, yenye watumwa wake, na mateka wa vita zake nao waliuzwa kwenye meli zile zile. Lau Abdulrahman angebaki, angeendelea kuwa kamanda wa vita hizo. Angeulizwa nini Siku ya Hesabu? Allah ndiye ajuaye. Mtume ﷺ alitutahadharisha na neno "lau", kwa kuwa linamfungulia shetani kazi yake. "Lau" hukupa udaktari, ila haikuonyeshi mtihani uliokuwa umefichwa ndani yake. Na katika Suratul-Hadid tunafundishwa kuwa yote yameandikwa kabla, ili tusikate tamaa kwa kilichotupita wala tusijitape kwa tulichopewa.

TATU, na hili ndilo lililonitoa machozi: Alipopewa ruhusa ya kuyarudia maisha yake ya zamani, alikataa kuyarudia peke yake. Natchez hakuichagua, lakini Isabella na watoto walikuwa wake kweli. Aliilia Timbo miaka 40, na bado alizitumia nguvu zake za mwisho kuwapigania watu aliowapata ugenini. Moyo mmoja ulibeba yote mawili. Kumbe inawezekana. Kuwapenda watoto wako hakukulazimishi kusema hukupoteza kitu, na kulilia ulichopoteza hakuwi usaliti kwao.

Basi dada yangu, jibu langu ni hili. Lia, kisha uangalie mkononi umebaki na nini. Abdulrahman alibaki na kalamu, na barua moja ya Kiarabu ikamfungulia mlango baada ya miaka 40. Elimu aliyoipata utotoni haikupotea. Una miaka 41. Kusoma bado kunawezekana, hata kama si udaktari. Na kama mlango huo umefungwa kabisa, binti yako yupo. Usimwoze kwa haraka ulivyoozwa wewe.

Allah amrehemu Abdulrahman, awarehemu wote waliofia njiani kabla ya kufika walikokusudia, na atupe kheri katika tulichopewa na badala bora ya tulichokosa. Aamiin.

Wallaahu a'lam.

Ukiona kisa hiki kina mtu kinamgusa, mfikishie.