Mwamba Umehesabiwa na Nani? Kutoka Ndiva za Upare Hadi Zabuni za BIM

Hebu tuanze na hesabu ndogo. Tuseme imetangazwa zabuni ya kuchimba mtaro wa bomba la maji kwenye miteremko ya Upare, juu ya mji wa Same. Karatasi zinasema kuna udongo mita za ujazo 900 na mwamba mita za ujazo 100. Mkandarasi wa kwanza anaweka shilingi 10,000 kwa kila mita ya udongo na 60,000 kwa mwamba, jumla milioni 15. Wa pili anaweka 5,000 kwa udongo na 95,000 kwa mwamba, jumla milioni 14. Wewe ungempa nani? Wa pili, bila shaka.

Kazi inaanza, na mwamba unageuka kuwa mita 400, udongo 600. Piga hesabu upya kwa bei zilezile. Wa kwanza angelipwa milioni 30. Wa pili analipwa milioni 41. Kumbe wa bei nafuu ndiye ghali! Na hakughushi kitu. Pengine aliutembelea mlima kabla ya kujaza bei, akaona mawe, akajua kipimo kilichoandikwa si cha kweli.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini mbinu yenyewe wakadiriaji majenzi wanaijua vizuri. Unatupeleka kwenye swali la zamani kuliko kompyuta: katika ujenzi nani anahesabu, na kosa la hesabu analibeba nani?

Walipojenga bila zabuni

Wapare walikuwa na jibu lao. Ukienda Upare ya Kusini utakuta ndiva, yaani bwawa dogo linalojazwa maji ya mfereji usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani. Ndiva na mifereji yake ilichimbwa na kukarabatiwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya wanajamii. Hapo mwamba hauna bei. Mkikutana na jiwe, mnaongeza siku za kazi. Anayekadiria, anayechimba na anayengoja maji ni watu walewale, kwa hiyo hakuna faida ya kumficha mwenzako ulichokiona ardhini.

Hesabu moja kwa wote

Zabuni huwatenganisha watu hao. Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19, wateja walianza kudai bei moja ya jengo zima kabla ya kazi kuanza. Kila mjenzi ikabidi apime michoro mwenyewe, na wote isipokuwa mshindi walikuwa wamepima bure. Basi wajenzi wakaanza kuchangia mpimaji mmoja, orodha yake ikawa ya wote. Hiyo ndiyo asili ya BOQ, orodha ya kazi na vipimo ambayo mkandarasi wa leo huijaza bei. Mwaka 1922 Waingereza walichapisha kanuni za pamoja za kupima, na utaratibu wao wa ukadiriaji ukaja kwetu na utawala wao. Mwaka 1997 Bunge letu likatunga sheria ya kusajili wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi.

Uzuri wa BOQ ni usawa: watu wanashindana kwa bei, si kwa vipimo. Ubaya wake umeshauona kule mlimani. Kipimo kikikosewa kimekosewa kwa wote, na mjanja mmoja akilijua kosa analigeuza kuwa faida.

Mchoro unaojihesabu

Mwaka 1975 Charles Eastman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alipendekeza kompyuta ihifadhi jengo lenyewe badala ya michoro yake, ili vipimo na gharama vichotwe humohumo. Wazo hilo ndilo lililokuja kuitwa BIM, modeli ya taarifa za jengo.

Kwenye mchoro wa kawaida ukuta ni mistari miwili tu. Kwenye BIM ukuta "unajua" urefu wake, kimo, unene na tofali zake. Chukua ukuta wa darasa, mita 9 kwa 3, wenye madirisha mawili ya mita 1.5 kwa 1.2. Ukitoa madirisha zinabaki mita za mraba 23.4, kwa tofali kama 10 kila mita, ni tofali 234. Mkitaka darasa lirefuke mita moja, modeli inasahihisha papo hapo: mita 26.4, tofali 264, pamoja na plasta, rangi na zege la msingi. Kwenye karatasi unasahihisha mstari mmoja mmoja, na ule uliousahau ndio unaoleta ugomvi.

Uingereza imeidai BIM katika miradi ya serikali kuu tangu 2016. Kwetu, tangu 2023 zabuni za umma zinapita kwenye mfumo wa NeST. Ni hatua nzuri, lakini tusichanganye mambo. NeST inasafirisha zabuni. Haimpimii mtu mwamba.

Modeli haichimbi

BIM nayo inajua ulichoiambia tu. Toboa mashimo ya uchunguzi, ingiza matokeo kwenye modeli, wape wazabuni wote, na yule mjanja wetu hana tena siri ya kuuza. Iweke juu ya ardhi isiyochunguzwa, umepata kosa lilelile, ila sasa lina rangi nzuri.

Halafu kuna mkandarasi mdogo wa Same. Akilazimishwa kununua programu ya gharama kubwa, ameshindwa kabla ya kuanza. Dawa ni ileile ya wajenzi wa karne ya 19: mwenye mradi aandae modeli moja, aitoe kwa umbo huria la IFC, linalofunguka hata kwa programu za bure.

Kwa nini haya yakuhusu? Mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, ulianza 2014, mkataba wa makandarasi wa awali ukavunjwa, na Rais Samia akauzindua Machi 2025. Sisemi BIM ingeuharakisha; mradi mkubwa huchelewa kwa sababu nyingi. Ila unaonyesha kwamba mkataba ukiyumba, anayengoja ni mwenye ndoo.

Kwa hiyo siku ukisikia zabuni imetangazwa kijijini kwenu, usiishie kuuliza bei. Uliza mwamba umehesabiwa na nani, na alitoboa mashimo mangapi.