Nani kakutana na nani? Swali lililoing'oa ndui duniani

Tarehe 4 Desemba 1966, William Foege, daktari Mmarekani mwenye umri wa miaka 30 aliyekuwa akifanya kazi mashariki mwa Nigeria, aliitwa kwenye redio ya upepo. Mmisionari mmoja wa wilaya ya Ogoja alikuwa amepata mgonjwa aliyemshuku kuwa na ndui. Foege na wenzake wakaenda, wakimalizia safari kwa baiskeli za injini mahali ambapo gari halikupita. Mmisionari hakukosea.

Utaratibu wa wakati ule ulikuwa mmoja: ndui ikizuka, chanja watu wote wa eneo hilo. Lakini shehena kubwa ya chanjo ilikuwa haijafika, na dozi zilizokuwapo zisingetosha ila sehemu ndogo ya wakazi. Ikabidi itafutwe njia nyingine usiku uleule.

Saa moja jioni, wamisionari waliotawanyika wilayani waliwasha redio zao kama ilivyokuwa desturi yao, kujuliana hali na kupeana habari. Foege na wenzake waliwagawia maeneo kwenye ramani, wakamwomba kila mmoja atume matarishi vijijini kuuliza kama kuna mwenye ndui. Jioni iliyofuata majibu yakarudi: ugonjwa ulikuwa katika vijiji vinne. Wakazi wa vijiji hivyo wakachanjwa kwanza.

Kisha likaulizwa swali la pili: kutoka hapa, ugonjwa utaelekea wapi? Hakuna kitabu cha tiba kilichokuwa na jibu. Waliolijua ni watu wa Ogoja wenyewe, kwa kuwa walijua ni soko gani huwakutanisha wanavijiji wale na ndugu zao wanaishi wapi. Yakatajwa maeneo matatu, na chanjo iliyobaki ikapelekwa huko. Baadaye ilibainika kwamba katika mawili kati ya hayo ndui ilikwisha kuingia, ila ilikuta watu wamekwisha kukingwa. Baada ya wiki nne hivi mlipuko ulikuwa umekoma, ilhali wengi wa wakazi wa eneo lile hawakuwa wamechanjwa.

Kasoro ya wastani

Mpaka hapo dunia ilikuwa imeikabili ndui kwa kuhesabu vichwa. Chanjo ilikuwapo tangu mwaka 1796, Edward Jenner alipomkinga mtoto mmoja huko Uingereza kwa usaha wa ndui ya ng'ombe. Mwaka 1958 Viktor Zhdanov, naibu waziri wa afya wa Umoja wa Kisovieti, alilitaka Shirika la Afya Duniani (WHO) lijiwekee lengo la kuutokomeza ugonjwa huo kabisa. Hesabu iliyofuatwa ilikuwa kuchanja asilimia 80 ya watu katika kila nchi yenye ndui, kwa imani kwamba wakikingwa wanne kati ya watano, ugonjwa utakosa pa kushika.

Hata hivyo, kampeni iliyoimarishwa ya WHO ilipoanza Januari 1967 chini ya daktari Donald Henderson, ndui ilikadiriwa kuwashika watu kati ya milioni 10 na milioni 15 kwa mwaka.

Mwaka huohuo mji wa Abakaliki, palepale mashariki mwa Nigeria, ulionyesha kasoro ilipo. Karibu watu tisa kati ya kumi mjini humo walikuwa wamechanjwa, idadi inayopita lengo la WHO. Ndui ikazuka hata hivyo, ikawashika watu 32, na 30 kati yao walikuwa waumini wa kanisa moja lililokataa chanjo. Waumini hao waliishi karibu, walisali pamoja na kutembeleana. Katika takwimu za mji walikuwa kikundi kidogo mno kisichostahili hata kutajwa. Katika safari ya ugonjwa wao ndio waliokuwa mji mzima. Asilimia ilisema ni watu wangapi wamekingwa, bali haikusema wale wasiokingwa wanakutana na nani.

Kukata njia ya moto

Maumbile ya ndui yenyewe yaliisaidia mbinu mpya. Haikuwa na mnyama wa kujifichia. Ilihitaji kupita kutoka mtu hadi mtu, na ikikosa mtu wa pili hufa. Mgonjwa alikaa kwa kawaida siku 10 hadi 14 kabla ya kuugua, na muda huo hakuambukiza. Alipoanza kuambukiza, vipele vilikuwa usoni na mikononi, kila mtu akiviona. Walioambukizwa zaidi ni waliomuuguza na waliolala naye nyumba moja. Na mtu akichanjwa ndani ya siku tatu au nne baada ya kukutana na mgonjwa, mara nyingi aliokoka au akaugua kidogo.

Foege alipokuwa mwanafunzi aliwahi kufanya kazi ya kuzima moto wa misituni nchini Marekani wakati wa likizo. Huko alijifunza kwamba huwezi kuumwagia maji msitu mzima. Unaondoa kuni mbele ya moto ili ukifika ukose cha kula. Ndivyo alivyoiona ndui: mtafute mgonjwa, mtenge, kisha wakinge waliomgusa na watakaoguswa na hao.

Mbinu hiyo ya kusaka na kuzingira ilienea katika nchi 20 za Afrika Magharibi na Kati. Vita vya Biafra vilipoanza Julai 1967, tayari ndui ilikuwa imenyamazishwa mashariki mwa Nigeria. Mgonjwa wa mwisho katika ukanda huo mzima alipatikana mwaka 1970, kabla ya miaka mitano iliyopangwa kutimia. Vifaa rahisi vilichangia pia: chanjo iliyokaushwa, iliyostahimili joto, na sindano yenye ncha mbili ambayo mtu yeyote angefundishwa kuitumia kwa muda mfupi. Ila vifaa hivyo vingeweza kutumika vibaya kama visingeelekezwa mahali panapostahili.

Bihar, mwezi mmoja wa ziada

Jaribio gumu lilikuwa India. Mwaka 1974 nchi hiyo ilipata wagonjwa zaidi ya 188,000, na jimbo la Bihar ndilo lililolemewa kuliko yote. Wasakaji walipozidi kwenda nyumba kwa nyumba, idadi ya wagonjwa wanaojulikana ilizidi kupanda, na viongozi wakaona mbinu imeshindwa. Foege amesimulia kikao ambacho waziri wa afya wa jimbo alitaka kurudia kuchanja kila mtu. Daktari mmoja kijana wa Kihindi akasimama nyuma ya ukumbi, akasema kwamba kijijini kwao nyumba ikiungua, maji humwagwa kwenye nyumba hiyo, hayagawanywi kwa nyumba zote. Waziri akawapa mwezi mmoja.

Katika mwezi huo misako ilizaa matunda. Katika misako ya India nzima, zaidi ya wahudumu 100,000 walibisha hodi kwenye milango milioni 100 na zaidi. Walionyesha picha za mtoto mwenye ndui shuleni, sokoni na kwenye vibanda vya chai, wakaahidi zawadi ya fedha kwa atakayetoa habari ya mgonjwa. Mbele ya nyumba ya mgonjwa waliweka walinzi usiku na mchana, na kila mgeni aliyeingia alichanjwa. Mei 1975 India ikapata mgonjwa wake wa mwisho. Oktoba mwaka huo, katika kisiwa cha Bhola nchini Bangladesh, mtoto Rahima Banu akawa mtu wa mwisho duniani kuugua kwa njia ya kawaida ile aina kali zaidi ya ndui.

Merca, watu 161

Mnyororo wa mwisho ulikatikia pwani yetu ya Afrika Mashariki. Ethiopia ilimpata mgonjwa wake wa mwisho Agosti 1976, lakini mwaka uliofuata Somalia ikakumbwa na mlipuko wa wagonjwa zaidi ya 3,000, wengi wao wafugaji wanaohamahama. Kuwachanja kwa kufuata mipaka ya mikoa kusingewezekana. Ilibidi kufuata njia za mifugo na visima vya maji.

Tarehe 12 Oktoba 1977 gari lililobeba watoto wawili wenye ndui lilisimama katika hospitali ya Merca, kusini mwa Mogadishu, kuuliza njia. Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mwenye umri wa miaka 23, alipanda kuwaelekeza. Safari ilikuwa ya dakika chache tu. Siku kumi baadaye akapata homa iliyodhaniwa kuwa malaria, kisha vipele vilivyodhaniwa kuwa tetekuwanga. Ilipotambuliwa kuwa ni ndui, wahudumu walirudia hatua zake zote na kuwapata watu 161 waliokutana naye. Hospitali ikafungwa isipokee wagonjwa wapya, vizuizi vikawekwa barabarani, na katika majuma mawili watu 54,777 wakachanjwa. Kati ya waliokutana naye, hakuna hata mmoja aliyeugua.

Miaka miwili kamili ya msako ikafuata. Tarehe 26 Oktoba 1979, jijini Nairobi, WHO ikatangaza kwamba Pembe ya Afrika haina ndui tena, na tarehe 8 Mei 1980 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukatangaza hivyo kwa ulimwengu wote. Maalin mwenyewe baadaye alijitolea katika kampeni za chanjo ya polio nchini mwake, akiwaeleza wazazi yaliyompata, na alifariki kwa malaria Julai 2013 akiwa katika kazi hiyo.

Wanahisabati wafika

Wazo la kutazama viungo badala ya vitu lina umri mrefu. Mwaka 1736 Leonhard Euler aliulizwa kama mtu anaweza kuzunguka mji wa Königsberg akivuka kila moja ya madaraja saba mara moja tu. Aliacha kando mitaa, nyumba na umbali, akabakiza vipande vya ardhi na madaraja yanayoviunganisha, akathibitisha kwamba haiwezekani. Tawi zima la hisabati ya mitandao likachipuka hapo.

Baadaye hisabati hiyo ilieleza kwa nini Ogoja ilifaulu. Mwaka 1991 mwanasosholojia Scott Feld alionyesha kwamba kwa wastani marafiki wa mtu wana marafiki wengi kuliko yeye, kwa sababu mwenye jamaa wengi hutajwa na wengi. Mwaka 2003 wanafizikia Reuven Cohen, Shlomo Havlin na Daniel ben-Avraham walipendekeza hatua inayotokana na ukweli huo: ukiwa na chanjo chache, usimchanje uliyemchagua kwa bahati, mwombe amtaje mmoja wa anaofahamiana nao, umchanje huyo. Njia hiyo huwafikia wanaokutana na watu wengi bila kuhitaji ramani ya jamii nzima.

Kivu: mtandao bila imani

Nchini Guinea mwaka 2015 mbinu ya ndui ilitumika kuijaribu chanjo ya Ebola. Walichanjwa waliokutana na mgonjwa, na waliokutana na hao. Kati ya watu 5,837 waliopata chanjo, hakuna aliyeugua Ebola siku 10 au zaidi baada ya kuchanjwa.

Agosti 2018 Ebola ilipozuka Kivu Kaskazini na Ituri, kwa majirani zetu wa Kongo wanaozungumza Kiswahili, chanjo ilikuwapo na mbinu ilijulikana. Hata hivyo mlipuko ulidumu hadi Juni 2020, ukawashika watu 3,470 na kuwaua 2,287. Eneo hilo lilikuwa limeteswa na vita kwa miaka mingi, na wengi hawakuwaamini wageni waliokuja na magari na walinzi wenye silaha. Vituo vya tiba vilishambuliwa. Mtaalamu wa WHO kutoka Kamerun, Dkt. Richard Mouzoko, aliuawa Butembo Aprili 2019. Mgonjwa aliyeficha majina ya waliomuuguza alikuwa ameufunga mlango wa pekee wa kuufikia mtandao. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa hatimaye, na kazi ilisonga mbele pale vijana wa Beni, wauguzi wa mitaani na viongozi wa dini walipokuwa mstari wa mbele.

Mbinu hii ina mipaka. Uviko-19 ulienea pia kupitia watu wasio na dalili, na majina yalipokusanywa ugonjwa ulikuwa umekwisha kusonga mbele. Lakini historia hii inafundisha jambo linalopita maradhi. Tatizo linapotisha kwa ukubwa wake, iwe ni ugonjwa, njaa au ukosefu wa maji, serikali hukimbilia kugawa kidogo kwa kila mtu. Ndui iliondoka kwa sababu kuna waliothubutu kuuliza ni uhusiano upi unaolisha tatizo, na wakawauliza wenyeji.

Somo hilo linatuhusu leo. Aina mpya ya mpox, jamaa wa karibu wa ndui, ilitambuliwa mwaka 2023 katika mji wa machimbo ya dhahabu wa Kamituga, Kivu Kusini, na kufikia Julai 2024 ilikuwa imeingia Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Ilifuata barabara, mipaka na shughuli za watu. Wanaojua nani hulala wapi baada ya kushuka kwenye lori, na nani huuza chakula machimboni, ni wahudumu wa afya wa vijijini na mitaani. Mara nyingi wao ndio wanaolipwa kidogo kuliko wote, wengine kwa posho inayochelewa. Bajeti za afya za nchi zetu ziwalipe mshahara wa kudumu, kabla ya mlipuko, kwa sababu imani haiwezi kuagizwa kwa dharura pamoja na shehena ya chanjo.