Mchoro wa Msenegali ndani ya La Grande Illusion

Bandugu, kuna nusu dakika ndani ya La Grande Illusion ambayo watu wengi wanaipita bila kuiona. Wafungwa wa vita wako ndani ya ngome ya Wajerumani. Mmoja anatafsiri mashairi ya Kigiriki cha zamani, wengine wanawaza namna ya kutoroka. Kati yao kuna ofisa mmoja mweusi, Msenegali, ameinamia karatasi, anachora. Anamaliza, anawaonyesha wenzake: Haki inamfukuza Mhalifu. Wanatupia jicho kidogo, kila mtu anarudi ku mambo yake. Filamu inaendelea. Yeye hata jina hana.

Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilimpita. Tuliiangalia usiku ku kompyuta ya rafiki, umeme ukakatika mara mbili, na siye wote tulikuwa tunangojea tu kuona nani atatoroka.

Jean Renoir alitoa filamu hii mwaka 1937, lakini habari zake ni za vita ya 1914-1918. Vita ile aliifahamu kwa mwili wake: alipigwa risasi mguuni, akachechemea maisha yake yote, kisha akaingia katika kikosi cha ndege. Koti la urubani ambalo Jean Gabin anavaa ndani ya filamu, njo la Renoir mwenyewe. Na kisa cha kutoroka kilianzia kwa rubani Pinsard, mtu halisi, aliyemsimulia Renoir mambo ya kufungwa kwake.

Ukisikia filamu ya vita, unafikiri mabomu. Hapa hakuna. Hakuna hata pigano moja la mtaro. Kuna watu wanaokula, wanaochimba shimo chini ya sakafu, wanaocheza tamthilia wamevaa nguo za wanawake. Rosenthal, Myahudi wa familia tajiri, anatumiwa vifurushi kutoka nyumbani, basi wafungwa wanakula vizuri kuliko Wajerumani wanaowalinda, wale wa kabichi kila siku. Shimo lenyewe, baada ya jasho lote lile, siku linapokaribia kutumika wanahamishwa kambi. Luteni Maréchal anajaribu kuwaambia Waingereza wanaoingia kwamba shimo liko tayari. Hawasikii Kifaransa. Anabebwa hivyo hivyo, na siri yake mdomoni.

Wataalamu wa sinema wanapenda kusema filamu hii ni ya mipaka, na ni kweli. Kapiteni de Boëldieu ni Mfaransa wa ukoo wa kibwana. Mkuu wa ngome, von Rauffenstein, ni Mjerumani wa ukoo wa aina ile ile, mwili umevunjika, shingo imeshikiliwa na chuma. Hao wawili wanazungumza Kiingereza kati yao, wanakumbushana farasi na watu waliojuana nao kabla ya vita. Rauffenstein anakubali neno la Boëldieu tupu, bila kumpekua. La Maréchal, ambaye ni fundi makanika, hapana. Yaani tajiri na tajiri wanaelewana juu ya mpaka wa nchi, kuliko tajiri na maskini wenye bendera moja. Halafu Boëldieu anapiga filimbi juu ya ngome ili kuvuta macho ya walinzi, Maréchal na Rosenthal wapate kutoroka. Rauffenstein anamsihi ashuke, anakataa, na ni rafiki yake huyo huyo anayempiga risasi. Baada ya kifo anakata ua lake, lile moja tu lililokuwa ndani ya ngome nzima.

Kwa wanafunzi kuna sehemu yao. Wafungwa Warusi wanapokea sanduku kubwa kutoka kwa Malkia wao, wanawaalika Wafaransa karamu, wakifikiri ni pombe na chakula kizuri. Wanafungua: vitabu! Algebra, sarufi, upishi. Wanavichoma moto. Mwaka ule mimi ningewalaani; leo, baada ya kukaa mwaka mzima na diploma mfukoni nikingojea kazi, nawaelewa kidogo.

Jina la filamu ni sawa na la kitabu cha Mwingereza Norman Angell, aliyeandika kabla ya 1914 kwamba vita kati ya nchi za viwanda haimfaidishi hata mshindi. Renoir aliirudia hoja hiyo wakati vita nyingine ilikuwa mlangoni, na Wanazi walimsikia vizuri sana: Goebbels aliipiga marufuku. Paris ilipoanguka mwaka 1940, Wajerumani walichukua negativu wakaipeleka Berlin. Mwaka 1945 Wasovieti nao waliichukua huko, wakaipeleka Moscow. Filamu ya wafungwa, na yenyewe ikafungwa. Ilirudi Ufaransa miaka mingi baadaye.

Sasa turudi kwa yule mchoraji. Ni Habib Benglia, mzaliwa wa Oran, ku Algeria, aliyekuwa mwigizaji mkubwa wa jukwaa la Paris tangu miaka ya 1920. Siyo mtu wa kuokotwa barabarani ili kujaza picha. Na hapa njo ninapomshika Renoir. Ndani ya filamu yake kila mtu ana mwenzake ng'ambo ya mpaka: bwana ana bwana mwenzake, Maréchal mwishoni anampenda Elsa, mjane Mjerumani. Msenegali hana mtu ku Wajerumani, na hata ku Wafaransa wenzake hana anayetazama karatasi yake. Sijui kama Renoir alitaka tuone aibu hiyo, au yeye pia alipita tu. Lakini alimweka pale kama ofisa, anayesoma na kuchora, mwaka 1937, wakati makoloni yalikuwa bado makoloni. Hilo simnyang'anyi.

Na siye Wakongomani tunaweza kumpa yule mchoraji ndugu wa kweli. Wajerumani walipoingia Ubelgiji Agosti 1914, Wakongomani wachache waliokuwa wanaishi kule walijiandikisha katika kikosi cha Volontaires Congolais. Kati yao alikuwa Paul Panda Farnana, agronomi, aliyemaliza masomo ku Vilvoorde mwaka 1907, Mkongomani wa kwanza kupata diploma ya masomo ya juu ku Ubelgiji. Alikamatwa Namur mwezi ule ule wa Agosti. Akakaa mfungwa Ujerumani mpaka vita ikaisha. Hesabu mwenyewe: miaka minne na zaidi.

Alipotoka hakunyamaza. Mwaka 1919 alianzisha Union Congolaise, chama cha kusaidiana cha Wakongomani wa Ubelgiji, wengi wao wakiwa askari wa zamani. Mwaka 1921 alisimama kwenye Kongamano la Waafrika wote ku Bruxelles, pamoja na W.E.B. Du Bois. Alidai masomo kwa watu wake na sauti katika mambo ya nchi yao. Magazeti ya koloni yalimshambulia vibaya. Alirudi nyumbani, Bas-Congo, mwaka 1929, akafa mwaka uliofuata. Mulijifunza jina lake ku sekondari? Mimi hapana, nilikuwa tayari na diploma yangu nilipolisikia.

Kulikuwa pia na Albert Kudjabo, wa kikosi kile kile, mfungwa kama Panda. Wataalamu Wajerumani walikuwa wanazunguka kambini na mashine ya kurekodi, wakikusanya lugha za wafungwa wa dunia nzima. Walimsimamisha mbele ya mashine, akaimba. Kwa kila sauti walijaza fomu: jina, mahali pa kuzaliwa, lugha. Ile rekodi ingaliko ku Berlin, ku chuo kikuu cha Humboldt. Inasikika mpaka leo, na jina lake liko juu ya fomu.