Noti za Bach na Alama za Wahariri

Katika insha hii nataka kueleza kwa nini wanaochapa muziki kwa kompyuta hutenganisha faili zao. Kwa maoni yangu jibu limo katika historia.

J. S. Bach, aliyefariki mwaka 1750, mara nyingi hakuonyesha mwendo wala nguvu za sauti katika muziki wake wa kinanda. Mwaka 1837 Carl Czerny alitoa chapa ya Das Wohltemperierte Klavier, akaongeza alama zake mwenyewe. Mwanafunzi aliyeitazama hakuweza kujua lipi ni la Bach na lipi ni la Czerny. Mimi huimba kwaya, na najua jinsi alama ya penseli ya jana inavyogeuka kuwa sheria leo. Mwaka 1850 chama cha Bach-Gesellschaft kiliundwa Leipzig ili kuchapa kazi za Bach bila nyongeza za namna hiyo.

Mwaka 1996 Waholanzi wawili, Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen, walianzisha LilyPond, programu inayosoma maandishi ya kawaida na kuyageuza kuwa noti zilizochapwa. Humo noti huweza kukaa katika faili moja na alama za mhariri katika nyingine. Faili ya tatu huziunganisha. Maneno yanayofuata alama ya asilimia hayachapwi, kwa hiyo mhariri huweza kuandika hapo sababu zake.

Ukiiondoa faili ya mhariri, Bach anabaki peke yake. Kwa hiyo nasema kupanga faili vizuri ni njia ya kutomsingizia marehemu.