Habari za Uvuvi wa Jodari katika Bahari ya Hindi

Wasikilizaji wetu, leo nataka kuwaelezeni habari za jodari, samaki mwenye nguvu asiyetulia mahali pamoja wala kujua mpaka wa nchi.

Ibn Battuta, msafiri yule aliyezuru Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Visiwa vya Maldivi mwaka 1343. Aliandika ya kuwa watu wa huko walimkata samaki vipande, wakampika, wakamkausha kwa moshi, kisha wakampeleka Bara Hindi, Uchina na Yemeni. Hata leo wavuvi wa Maldivi humwaga samaki wadogo walio hai baharini, na jodari wajapo kwa ulafi, huvuliwa kwa fito na ndoana, mmoja mmoja.

Mwaka 1952 Wajapani walianza kuvua katika bahari hii kwa mishipi mirefu mno, yenye ndoana mamia kwa mamia. Baada ya mwaka 1980 zikaja merikebu za Wafaransa na Wahispania kutoka Bahari ya Atlantiki. Hizo hulizunguka kundi zima kwa wavu, kisha huvuta kamba ya chini kama mtu afungavyo mdomo wa mfuko. Victoria, mji wa Shelisheli, ukawa bandari yao, na mwaka 1987 kikafunguliwa huko kiwanda cha kutia jodari makoponi.

Je, wavu huo ni ubaya mtupu? La, umeleta kazi na fedha. Lakini wavu hauchagui. Chini ya maboya yanayoelezwa baharini ili kuvuta samaki, hunasa hata wachanga ambao hawajazaa bado. Mwaka 2015 wataalamu wa Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Shelisheli, walionya ya kuwa jodari wa mapezi ya manjano anavuliwa kupita kiasi. Na mwaka 2016 nchi za tume zikaagana kupunguza uvuvi wake.

Mkataba wa bahari wa mwaka 1982 uliipa kila nchi ya pwani haki juu ya samaki hadi maili 200. Haki hiyo ni njema, lakini jodari aliye kwetu leo, kesho yu kwa jirani. Basi haifai nchi moja kuhesabu na nyingine kuficha. Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwaherini.